Mdudu wa upele chini ya hadubini ya elektroni: maswali mnayoniuliza kila siku

Lile dude la kutisha kwenye bango la kliniki ni nini?

Ni mdudu wa upele, kwa jina la kitaalamu Sarcoptes scabiei. Jike ana urefu wa milimita 0.4 hivi, kwa hiyo kwa macho matupu huoni kitu, au unaona kinukta tu. Picha imepigwa kwa hadubini ya elektroni. Hadubini hii haitumii mwanga: mdudu aliyekufa hukaushwa, hupakwa utando mwembamba sana wa dhahabu, kisha hupigwa miale ya elektroni. Rangi huongezwa baadaye kwenye kompyuta, kwa hiyo msiende kutafuta mdudu wa zambarau mwilini.

Picha inatufundisha nini?

Hesabu miguu: minane. Huyu ni wa jamii ya kupe, si chawa. Macho hana. Miguu minne ya mbele ina vinyonyeo vya kushikia ngozi, na mgongo umejaa miiba mifupi na magamba. Jike huchimba handaki kwenye tabaka la juu la ngozi, hukaa humo na kutaga mayai 2 hadi 3 kwa siku. Baada ya siku 3 au 4 mayai huanguliwa. Hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapa, kiuno, makalio na sehemu za siri. Muwasho huzidi usiku.

Sisi tunaoga asubuhi na jioni. Upele utatoka wapi?

Mdudu yuko ndani ya handaki, sabuni haimfikii. Anahama ngozi inapogusana na ngozi kwa muda: kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, bweni lenye msongamano. Msafi na mchafu wote anawapanda. Aibu ndiyo inayowafanya mfike kwetu baada ya miezi miwili, mtoto ana vidonda mpaka makalioni.

Anayejikuna ni mtoto mmoja. Kwa nini tutibiwe wote?

Kwa sababu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na wakati huo tayari anaambukiza. Mnamtibu mtoto, usiku analala na dada yake ambaye "hana kitu", mwezi ujao mko tena kwenye benchi letu mnasema dawa haifai. Dawa inafaa. Mtibiwe wote, siku moja.

Hata baba ambaye hawashwi?

Hata baba.

Na dada wa kazi?

Naye. Ndiye anayembeba mtoto kutwa nzima, na ndiye mnayemsahau kila mara. Anayelala chini ya paa hilo anapaka dawa usiku uleule. Mmoja Jumatatu na mwingine Ijumaa hiyo si tiba, ni kubadilishana wadudu. Matroni wa bweni, nanyi pia: kumrudisha nyumbani mwanafunzi mmoja na kuwaacha wenzake bila dawa hakusaidii kitu.

Nilinunua krimu dukani, muwasho ukatulia.

Nyingi ya krimu hizo zina steroidi. Zinatuliza muwasho, mdudu anaendelea kutaga. Vipele hubadilika sura, hata sisi hutuwia vigumu kuvitambua, na mwili ukizidi kupoteza kinga wadudu huongezeka. Tafadhali acheni kununua tyubu kwa kuonyesha mkono kaunta.

Mafuta ya taa je? Oili chafu? Maji ya betri?

Hapana. Hapana. Na hapana. Maji ya betri ni asidi, yanaunguza ngozi ya mtoto.

Dawa yenyewe ni ipi?

Losheni ya benzili benzoeti (BBE), krimu ya permethrini ya asilimia 5, au vidonge vya ivermectini. Mhudumu ndiye atakayechagua: vidonge hivyo hawapewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15, na BBE ya mtoto huzimuliwa. Ya kupaka hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, si palipo na vipele tu. Mtoto mchanga mleteni, tutawaonyesha namna ya kumpaka hadi kichwani. Rudieni kama mlivyoelekezwa, kwa kawaida baada ya wiki moja. Siku mnayotumia dawa fueni mashuka, kanga na taulo kwa maji ya moto, anikeni juani, pigeni pasi. Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, maana nje ya mwili mdudu huishi siku 2 au 3 tu.

Kwani upele unaua?

Wenyewe, ni nadra. Mikwaruzo ndiyo inayofungua mlango kwa bakteria, na baadhi yao hudhuru figo. Mtoto mwenye upele akivimba uso, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, mpelekeni hospitali leo. Msingoje kesho. Vivyo hivyo akiwa na homa au vidonda vyenye usaha.

Nimemaliza dawa lakini bado nawashwa.

Muwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa sababu mabaki yao bado yako ngozini. Usijipake dawa kila siku kwa hasira, utaichubua ngozi. Ukiona vipele vipya, au wiki 4 zikapita, rudi kituoni. Swali langu la kwanza utakapofika: nyumbani mlipaka wote?