“Meanwhile” si “wakati huohuo” kila mara

Kwenye mlango wa lifti ya jengo moja niliwahi kusoma hivi: “Lifti ni mbovu. Wakati huohuo tumieni ngazi.” Ujumbe unaeleweka, ila sikio linakwama. Aliyeandika alikuwa na neno la Kiingereza “meanwhile” kichwani, akachukua tafsiri ya kwanza iliyomjia.

Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili. “While” ni la Kiingereza cha kale na maana yake ni kitambo. “Mean” ya hapa haihusiani na kumaanisha wala na ubahili. Ilitoka kwenye neno la Kilatini “medianus”, ikapitia Kifaransa cha zamani, na maana yake ni “a kati”. Basi “meanwhile” ni kitambo cha kati. “Mean” hiyohiyo imo katika Greenwich Mean Time, saa ya wastani ya Greenwich kule Uingereza, ila huko “kati” imegeuka kuwa wastani, kwa sababu siku ya jua hurefuka na kufupika kidogo mwaka mzima.

Lakini kitambo hicho ni kati ya nini na nini? Wakati mwingine ni cha kusubiri: jambo limeanza, halijaisha, na kuna la kufanya kwa sasa. Hapo “wakati huohuo” haikai. Kwenye lifti ingetosha kuandika “Kwa sasa tumieni ngazi”, au “Tumieni ngazi hadi itakapotengenezwa”. Jikoni hata hatuhitaji neno lolote, maana “ki” inabeba kila kitu: wali ukiwa bado motoni, wewe katakata kachumbari.

Wakati mwingine mambo mawili yanatokea pamoja, mahali tofauti. Baba yuko njiani kwenda Tanga, nyumbani wageni wamebisha hodi. Hapa “wakati huohuo” inafaa, ingawa wasimulizi wetu wana lililo tamu zaidi: “huku nyuma”. Huku nyuma, wageni wakafika. Ukitaka kumshtua msikilizaji, anza na “kumbe”.

Kuna pia “meanwhile” ya kusuta. Mtu analia hana hela, “meanwhile” kanunua gari. Sisi husema “huku” au “ilhali”, na suto linabaki palepale. Watangazaji wa habari nao hupenda “na wakati huohuo” hata kama matukio yamepishana siku mbili. Kwao ni daraja tu la kuvukia kwenda habari nyingine, na wenzao wa Kiingereza hufanya vivyo hivyo.

“Meantime” ina maana ileile, ila mara nyingi hutanguliwa na “in the”, wakati “meanwhile” husimama peke yake. “Interim” nayo katika Kilatini ilikuwa na maana hiyohiyo, lakini katika Kiingereza cha leo hukaa zaidi mbele ya nomino, na Kiswahili huigawa kulingana na inachokieleza: serikali huwa ya mpito, amri ya mahakama huwa ya muda, na mkurugenzi huwa kaimu.