Lava si tope, ingawa zamani ilikuwa tope

Juzi mvua ilitukwamisha Jangwani, Dar es Salaam. Dereva alizima injini, maji ya mto Msimbazi yakawa yanakatiza barabara yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba chupa, matairi na mlango mzima wa friji. Mzee mmoja aliyekaa dirishani akatikisa kichwa: "Hii sasa ni lava kama ile ya Hanang." Daladala nzima ikaitikia. Nilinyamaza, maana ni mtu wa umri wa baba yangu, lakini moyoni niliumia. Neno hilo nimeshalisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, hata kwa watu waliosoma jiografia hadi kidato cha sita.

Lava ni mwamba ulioyeyushwa na joto la ardhini ukatoka nje. Basi. Ukiganda unaendelea kuitwa lava, ila sasa ni jiwe. Ukiwa bado chini, haujatoka, ni magma, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusu kitu kilichokandwa, kama donge la unga. Mswahili hana sababu ya kushindwa na hili. Sisi ndio wenye mpunga, mchele na wali, punje ileile inabadili jina kwa kadiri ilipofikia, na hakuna aliyewahi kualikwa harusini kula mpunga. Anayesema lava inachemka chini ya mlima ametupakulia mpunga.

Ya mlima Hanang, mkoani Manyara, hayakuwa hata mpunga. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima iliyokuwa imeshiba maji ikameguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hanang ni volkano ya kale kweli, ndiyo maana uvumi ulipata pa kushika, lakini wataalamu wa serikali walisema mapema kwamba hakuna mlipuko uliotokea. Hakuna kilichoyeyuka pale. Lilikuwa tope la baridi.

Sasa inaponiudhi ni hapa: historia ya neno lenyewe iko upande wa yule mzee.

Lava ni neno la watu wa Naples, mji ulio chini ya mlima Vesuvius huko Italia. Kwao halikuwa neno la moto hata kidogo. Lava ilikuwa maji ya mvua yanayoshuka kwa kasi kwenye vichochoro vya mji, yakizoa kila yalichokikuta. Wengi hulitoa kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuosha, wengine kwenye neno la kuporomoka. Vesuvius ilipolipuka mwaka 1737, daktari mmoja wa pale, Francesco Serao, aliandika taarifa ya tukio lile akauita ule mmiminiko lava ya moto. Ilibidi aongeze "ya moto", kwa kuwa lava ya kawaida, msomaji wake aliijua, ilikuwa ya maji na matope. Baadaye dunia ikalichukua neno, ikaona "ya moto" ni mzigo, ikaitupa. Kwa maana hiyo Jangwani ya juzi ilikuwa lava halali kabisa, ya Naples ya zamani. Sina hakika kama yule mzee angefurahi kuambiwa kwamba yuko sahihi ila kachelewa karibu miaka mia tatu.

Na nchi hii hii ina mlima unaozidi kuvuruga mambo. Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamaasai, karibu na Ziwa Natron, hutoa lava ambayo mgeni akiiona mchana ataapa kuwa ni tope. Ni nyeusi au kahawia, inatiririka kama oili ya gari, na wekundu wake hafifu hauonekani mpaka giza liingie. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, wakati lava ya kawaida ya milima mingine hupita 1,000. Mwanajiolojia Barry Dawson, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya jiolojia ya Tanganyika, aliingia kwenye kreta yake, yaani shimo la kileleni, mwaka 1960, na mwaka 1962 akaitangazia dunia kwamba lava ile imejaa kaboneti ya sodiamu. Yaani magadi, ndugu zangu, jamaa wa haya tunayotia kwenye maharage. Ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe baada ya muda mfupi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kitu hicho leo. Dawson aliutafiti mlima huo kwa miongo, na lava ya mlipuko wa mwaka 1988 aliichunguza pamoja na Harry Pinkerton, mtu aliyejikita katika namna lava inavyotiririka: ina joto gani, ni nzito kama uji kiasi gani, inashuka kwa kasi gani kwenye mteremko gani.

Maswali hayo ndiyo yanayotenganisha lava na tope kuliko rangi. Lava nyingi hutembea polepole kiasi kwamba mtu huikimbia kwa miguu, ingawa nyumba haikimbii. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Mwaka 1977 mlima huohuo ulikuwa umevunja kanuni, ziwa lake la lava likamwagika kwa chini ya saa moja, likaua. Tope la volkano, ambalo wanasayansi huliita lahari kwa neno la Kijava, ni balaa jingine: hufuata mabonde na kufika mbali. Kule Colombia, Novemba 1985, joto la mlipuko wa volkano ya Nevado del Ruiz liliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka makumi ya kilomita, na watu wapatao 23,000 wakafa, wengi wao katika mji wa Armero. Lava haikufika kwao.

(Sayansi ya volkano ina neno moja lililotoka kwa Waswahili wa Goma: mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni na kuua watu na mbuzi. Vitabu vyao hulitafsiri kuwa upepo mbaya. Sikio langu la Pwani linasikia mizuka, upepo siuoni.)

Maji yalipopungua gari likaondoka. Karibu na Magomeni nilijikaza nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Samahani, ile ya Hanang haikuwa lava. Yalikuwa maporomoko ya tope."

"Marahaba. Mlima si wa volkano?"

"Ni wa volkano, ila ya zamani sana. Siku ile ulimeguka kwa mvua tu."

Akatazama nje kidogo. "Na hili la Jangwani?"

"Hilo ni Msimbazi, mzee."