Ubia wa kikanda si jina jingine la ufadhili

Ubia wa kikanda kwa ukuaji endelevu ni nchi jirani kuchangia mali zao katika shughuli ya uchumi isiyomaliza maji, misitu wala udongo, kisha kugawana faida na hasara kwa mkataba. Basi, maana yake ndiyo hiyo.

Kwenye kumbi za semina hapa Dodoma, hata hivyo, jina hilo hubandikwa popote. Kikundi kikipewa miche, ni ubia wa kikanda. Afisa akirudi kutoka Nairobi na hati ya maelewano ambayo hakuna atakayeifungua tena, ni ubia wa kikanda. Nimesikia hata kisima cha Bahi kikiitwa hivyo, eti kwa kuwa kiko Kanda ya Kati! Kanda inayosemwa hapa ni ya nchi na nchi, si Dodoma na Singida.

Hilo la kanda nalisamehe. La ubia silisamehe, maana mbia ni mwenye hisa. Wanaolima zabibu kwa ubia kule Hombolo wanalijua vizuri: mmoja ana shamba, mwingine kaleta pampu, na ugonjwa ukivamia mizabibu wote wawili wanaumia. Mfadhili haumii hivyo. Mradi ukifa, anaandika ripoti na kuhamia wilaya nyingine.

Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka, na uoto ukarudi. Ilikuwa kazi kubwa, siibezi. Lakini aliyepoteza malisho ni mfugaji wa Kondoa. Sweden haikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuhamisha.

Ubia wenyewe uutazame Rusumo, kwenye mto Kagera, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Mtambo wa umeme wa maji wa megawati 80 unamilikiwa na kampuni moja, na hisa zake zimegawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme nao hugawanywa kwa theluthi. Burundi haina maporomoko pale, ila mto Ruvubu unaotoka kwake unaingia Kagera karibu kabisa na hapo, kwa hiyo maji yake yamo. Ukaguliwe pia upande wa mazingira: ulichaguliwa mtambo unaotumia mtiririko wa mto badala ya bwawa kubwa, ili mashamba na makazi machache zaidi yaguswe.

Kuna atakayesema fedha zilitoka Benki ya Dunia. Ni kweli, iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013. Fedha za nje haziui ubia. Cha kuuliza ni nani mwenye hisa, na nani anabaki na mzigo mto ukipungua.

Kwa kipimo hicho, treni ya umeme inayofika Dodoma tangu 2024 ni ya Tanzania peke yake, hata kama mizigo ya majirani itapita humo. Ubia unaanzia kwenye kipande cha reli cha Uvinza hadi Musongati, kinachovuka kwenda Burundi. Njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Singida hadi Isinya nchini Kenya inastahili kuitwa ubia, kwa sababu kila nchi ilijenga upande wake. Kama ni endelevu, hilo linategemea umeme unaopita humo umezalishwaje. Nguzo na nyaya hazituambii.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi akisimama kushukuru kwa ubia wa kikanda uliomletea miche, asikatizwe mbele za watu. Avutwe pembeni baadaye, aambiwe kwamba amepewa msaada, na hakuna aibu katika kusema hivyo. Akishikilia kuwa ni ubia, aonyeshe palipoandikwa nani atalipia miche itakayokauka.