Kutoka nyumba ya uuguzi hadi kwako mwenyewe: taratibu za Marekani kwa wenye ugonjwa wa akili

Malalamiko tunayopokea kutoka familia za Waswahili walioko Marekani yanafanana. Ndugu yao alilazwa kwa ugonjwa wa akili, akahamishiwa nyumba ya uuguzi “kwa wiki chache”, na sasa anamaliza mwaka wa pili. Wakiuliza atatoka lini, huambiwa wasubiri apone. Wengine hawaulizi, kwa kuwa nao wanaamini hivyo.

Hakuna sheria inayomtaka mtu apone kwanza. Juni 1999, katika kesi ya Olmstead iliyowahusu wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumweka mtu mwenye ulemavu ndani ya taasisi bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Yanayopimwa ni matatu: wataalamu waone kwamba anaweza kuishi nje akipata huduma, mwenyewe asipinge, na jimbo liweze kuzitoa huduma hizo bila kuvuruga za wengine. Kuisha kwa dalili hakumo. Mtu anaweza kuwa anasikia sauti na bado akalipa pango, akapika na kufunga mlango wake usiku.

Jambo jingine tumelieleza mara nyingi mno: kaka, mama au shangazi hana mamlaka ya kumkatalia mtu mzima kuhama, isipokuwa mahakama imemteua kuwa mlezi wake wa kisheria. Kumpokelea hela za SSI, yaani malipo ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu na wazee wa kipato kidogo, si ulezi. Kuwa mkubwa wa familia si ulezi.

Ombi lianze na mkazi mwenyewe. Nyumba za uuguzi zinazolipwa na Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali, ya kwanza hasa kwa wazee, ya pili kwa wenye kipato kidogo) hufanya tathmini mkazi anapoingia, kisha angalau kila miezi mitatu. Sehemu ya Q ya fomu ya tathmini hiyo humuuliza kama angependa kuzungumza na mtu kuhusu kurudi kuishi katika jamii. Akisema ndiyo, nyumba inapaswa kumwunganisha na wakala wa eneo anayeshughulikia uhamisho. Kuna wakazi walioandikiwa kwamba waulizwe kwenye tathmini kuu tu, si zile za kila miezi mitatu, na kuna walioulizwa kwa Kiingereza wakatikisa kichwa bila kuelewa. Daini mkalimani. Ni haki na ni bure, na mtoto hatakiwi kutafsiri mambo haya isipokuwa kwa dharura. Wala si lazima kungoja tathmini: mkazi anaweza kulisema siku yoyote, na kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi anayeweza kusimama naye.

Ombeni pia ripoti ya PASRR (upimaji wa kabla ya kuingia nyumba ya uuguzi) ya ngazi ya pili, yaani ya uchunguzi wa kina. Mwenye ugonjwa mkubwa wa akili hupimwa kabla ya kuingia nyumba iliyoidhinishwa na Medicaid, ili ijulikane kama kweli anahitaji kiwango hicho cha uuguzi. Anayetoka hospitali, na daktari amethibitisha kwamba hatakaa zaidi ya siku 30, anaweza kuingia bila kupimwa. Akizidisha, anatakiwa apimwe ndani ya siku 40 tangu alipoingia. Hapa ndipo watu husahaulika. Uamuzi wa PASRR hukatiwa rufaa.

Sasa fedha. Kwa kawaida Medicaid hailipi pango la nyumba. Katika majimbo yaliyo kwenye mpango wa Medicaid wa kuwahamisha watu kutoka taasisi, Money Follows the Person (“fedha zimfuate mtu”), aliyekaa kwenye taasisi siku 60 mfululizo anaweza kusaidiwa gharama za kuanzia, kama dhamana ya pango na samani, na huduma za mpango huendelea hadi siku 365 baada ya kuhama. Akichagua nyumba ya pamoja, isizidi watu wanne wasio na undugu. Mwenye vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, hulipa takribani asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa. Vocha hutolewa kwa muda, usiopungua siku 60. Ombi la kuongezewa muda kwa sababu ya ulemavu liandikwe kabla haujaisha.

SSI ya mtu ambaye Medicaid inamlipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba ya uuguzi hushuka hadi dola 30 kwa mwezi. Akihama, ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), inayolipa SSI, lazima ijulishwe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata kupita. Kuchelewa bila sababu hukatwa dola 25 mara ya kwanza, 50 mara ya pili, na 100 kila mara baada ya hapo, mbali na kurudisha kilicholipwa zaidi. Anayempokelea fedha atunze stakabadhi. Akizitumia kwa mambo yake atazirudisha na anaweza kushtakiwa. Msingoje barua ya ofisi hiyo. Pelekeni tarehe ya kuhama mapema ili SSI irekebishwe kwa wakati, maana mwenye nyumba hangoji pango.

Dawa ndizo huharibu uhamisho mzuri. Mtu asitoke bila dawa mkononi, orodha ya dawa iliyolinganishwa na ile ya zamani, na tarehe ya kliniki. Anayetumia klozapini (clozapine), dawa ya ugonjwa mkubwa wa akili, akikosa dozi kwa saa 48 au zaidi hawezi kuendelea pale alipoachia. Kwa kawaida huanzishwa upya kwa miligramu 12.5, ikipandishwa polepole. Tena moshi wa sigara huharakisha mwili kuivunja dawa hiyo. Mtu aliyekuwa havuti ndani ya taasisi, akianza kuvuta kwake, kiwango cha dawa kwenye damu hushuka na dalili hurudi, na familia hudai uhuru ndio uliomwangusha. Kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini, hivyo plasta za nikotini hazina shida hiyo. Daktari aambiwe mapema.

Kupika na kufua hujifunzwa vizuri zaidi kwenye jiko na vyombo vyake mwenyewe, akiwa na mfanyakazi wa timu ya huduma za akili katika jamii anayemfikia nyumbani. Kumngoja ajue yote akiwa mahali asiporuhusiwa kugusa jiko ni kumnyima.

Na akilazwa tena, nyumba isiachiwe. Daktari akithibitisha kwa maandishi kwamba mgonjwa hatakaa huko zaidi ya siku 90, na mgonjwa akahitaji kuendelea kulipia makazi yake, SSI inaweza kuendelea kulipwa kamili. Uthibitisho huo lazima ufike kabla hajaruhusiwa kutoka, na usipite siku ya 90. Uombwe siku ileile anayolazwa.