Vivutio vya mji wako: usiende kama mtalii

Penye miti hapana wajenzi. Karibu kila mji mkubwa una makumbusho, bustani ya wanyama, bustani ya mimea au ukumbi wa sayansi, na karibu kila mji una familia zinazoishi jirani na sehemu hizo miaka nenda miaka rudi bila kutia mguu ndani. Kazi yangu ni kuandaa ziara za familia katika sehemu za namna hii, na mara nyingi nikimuuliza mzazi kilichomleta leo, jibu ni kwamba nyumbani wamefikiwa na wageni.

Si uvivu. Suzanne Shu na Ayelet Gneezy walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2010, wakaonyesha kwamba mtu aliyeishi mjini mwaka mzima huwa ameona vivutio vichache kuliko mgeni aliyekaa wiki 2 au 3. Mwenyeji huvikimbilia anapokaribia kuhama au anapopata wageni. Katika jaribio jingine waliwagawia watu vocha. Waliopewa wiki 3 za kuzitumia walizitumia zaidi kuliko waliopewa miezi 2, ilhali wenye miezi 2 ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watazitumia. Kitu kisicho na mwisho hakina siku yake. Kwa hiyo chagueni tarehe, iandikeni kwenye kalenda, mwambieni mtoto. Mtoto akishaijua tarehe hamtaisahau.

Lakini kupanga tarehe ndiyo sehemu rahisi. Kinachonisumbua zaidi ni namna familia zinavyotembea zikishafika. Mwenyeji akiamua kwenda, huenda kama mtalii: afike asubuhi, apite kila chumba, aone kila mnyama, atoke jioni na mtoto aliyelala begani. Mtalii ana sababu ya kufanya hivyo, kwani huenda asifike hapo tena maishani. Wewe unaishi hapa. Una nafasi ya kwenda kidogo na kurudi, na kwa mtoto nafasi hiyo ni ya thamani kubwa.

Uchovu wa makumbusho ni kitu halisi. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, wa makumbusho ya sanaa ya Boston, alichapisha picha za mtu akijipinda, akichuchumaa na kujinyoosha ili aone vitu vilivyopangwa ndani ya kabati za vioo. Alikuwa anaonyesha kwamba mwili huchoka kwa kule kutazama tu. Yule alikuwa mtu mzima. Sasa chuchumaa uwe kimo cha mtoto wa miaka 4 mbele ya kabati hizo hizo: utaona ukingo wa meza, taa zinazong'aa kwenye kioo, na migongo ya watu. Nusu saa ya namna hiyo ni kazi nzito. Mtoto anayelia kwenye chumba cha tatu hana tabia mbaya, amechoka.

Jambo la pili ni ugeni wa mahali penyewe. Mwaka 1978 John Falk na wenzake walichapisha utafiti wa watoto waliopelekwa msituni kwa somo. Waliozoea miti karibu na kwao walijifunza yale yaliyokusudiwa. Wale ambao msitu ulikuwa mgeni kwao walishughulika na mahali penyewe, na somo likawapita. Hili naliona kila wiki. Mara ya kwanza mtoto anajifunza jengo: mlango uko wapi, ngazi zinaelekea wapi, choo kiko wapi, sauti inavyovuma ukumbini. Ziara hiyo haijapotea, ila vitu vyenyewe huanza kuonekana vizuri akirudi.

Ndiyo maana familia za wenyeji nazishauri kitu kimoja au viwili kwa ziara, na mtoke kabla ya saa moja kwisha. Wazazi wengi hushtuka, hasa kama wamelipa kiingilio. Kama sehemu hiyo ina kadi ya mwaka, piga hesabu; mara nyingi hujilipa baada ya ziara chache, na ukishakuwa nayo hamu ya kuona kila kitu leo hii inapungua yenyewe. Ulizia pia siku za bure. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977, na makumbusho mengi hufungua milango bure au hupunguza kiingilio siku hiyo.

Kitu kimoja kinaweza kuwa pweza. Mpitaji huona kitu cha kahawia kimejikunyata kwenye mwamba, anasema "ah, amelala," anaendelea. Pigeni magoti mbele ya tangi mkae. Kando ya kichwa kuna kitundu kinachofunguka na kujifunga. Maji hutokea hapo yakishapita kwenye matamvua, basi hapo mnamtazama akipumua. Mwacheni mtoto apumue kwa kufuatisha naye. Kisha tazameni ngozi, rangi inavyopita juu yake bila yeye kusogea. Akibandika mkono kwenye kioo, mnaona vikombe vya mnyonyo vikijibana na kuachia, kimoja kimoja. Ndipo mwambie ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ukimwambia kabla hajatazama, ni habari tu. Ukimwambia sasa, atataka kujua mioyo yote mitatu inafanya nini.

Kwenye bustani za wanyama saa ni muhimu kuliko ramani. Simba anaweza kupumzika saa 20 kwa siku, na wanyama wengi huchangamka asubuhi na jua linapoanza kushuka. Ukifika adhuhuri utaona migongo imelala kivulini. Uliza ratiba ya kulisha. Elewa pia kwamba siku hizi mnyama ana haki ya kutoonekana. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, alifungua bustani yake karibu na Hamburg mwaka 1907 akiwa ameweka mahandaki ya kuwazuia wanyama badala ya vizimba vya vyuma, na bustani nzuri za leo huwapa wanyama vichaka na mapango ya kujificha. Mtalii hukasirika asipomwona chui. Mwenyeji humwambia mtoto, "Tutamtafuta tena," na mtoto akimwona mwezi ujao anakuwa kama amempata yeye mwenyewe.

Ukumbi wa nyota, ule wa giza unaoonyesha anga la usiku darini, una sharti lake: fikeni mapema, maana mtoto mdogo huogopa giza linaloingia ghafla kuliko giza lenyewe. Kaeni nyuma karibu na njia, mpate kutoka bila kusumbua watu.

Wakubwa kidogo, wa miaka 11 au 12 hivi, wanahitaji madaraka. Mpe ramani achague chumba, naye awaongoze. Watu wengi wakiingia ukumbini hugeukia kulia, kwa hiyo mara nyingi upande wa kushoto una nafasi zaidi. Mwambie siri hiyo uone atakavyoitumia. Na akitaka kubaki mbele ya mashine moja muda wote mliopanga, mwacheni. Ninyi wengine tafuteni benchi.