Kisuka (1965): sinema ya vita ambayo shujaa wake anageuza meli

Mimi kazi yangu ni meli, zamu za usiku wa ukungu nimezikaa brijini, chumba cha kuongozea meli, nyingi tu, ndo maana hii sinema ya Kijapani inanishika kuliko zote za vita nilizowahi kuangalia. Toshiro Mifune anacheza admirali anayetumwa kuchukua wanajeshi waliokwama kisiwa cha Kiska (kwa Kijapani ndo Kisuka), kule visiwa vya Aleutian karibu na Alaska, na jambo kubwa kabisa analofanya ni kugeuza meli, anarudi mikono mitupu.

Na ilitokea kweli jamani. Mei 1943 Wamarekani walirudisha kisiwa cha Attu, Wajapani zaidi ya 2,000 wakafa, waliotekwa hawakufika hata 30. Kiska ikabaki imezingirwa, ndani kuna watu 5,000 na ushee. Admirali Kimura Masatomi akaona njia ni moja, kuingia na ukungu ili ndege zisimwone. Julai akasogea, akasubiri, ukungu ukakatika, akarudi Paramushir, kisiwa alikotokea, na lawama zikamwangukia. Pale Mifune anaangalia anga tu bila kusema neno, kwa kweli mimi huwa nasimamisha narudia.

Maana ukungu unakuficha lakini unakupofusha na wewe. Mwenzako yuko mbele mita chache humwoni, unasikiliza tu, na safari ya pili kweli meli zao ziligongana zenyewe kwa zenyewe tarehe 26. Usiku huohuo Wamarekani walikuwa wanapiga mizinga alama za kwenye rada, kumbe hakuna meli pale, halafu wakaondoka kwenda kujaza mafuta, mlango ukabaki wazi.

Tarehe 29 Kimura akatia nanga Kiska. Watu 5,183 walipanda chini ya saa moja, yaani kutoka kwenye viboti vidogo mpaka juu ya manowari, bunduki waliambiwa watupe baharini ili mikono ibaki ya kushikia kamba. Aliyewahi kupandisha abiria kwa ngazi ya kamba bahari ikiwa inacheza anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Zile meli kwenye picha ni modeli ndogo za Eiji Tsuburaya, fundi wa picha za kuigiza matukio makubwa, na modeli siku zote mawimbi ndo yanaiumbua, ila humu ukungu na rangi nyeusi na nyeupe vimemsaidia mno, naziamini kabisa.

Agosti 15 Wamarekani na Wakanada zaidi ya 34,000 wakashuka Kiska. Wakakuta mbwa.