Unabana au unasukuma? Mkojo unapoponyoka ukikohoa

Mama anainama bombani Nyalenda, Kisumu, ananyanyua mtungi wa lita 20, mkojo kidogo unaponyoka. Akipiga chafya, vilevile. Boda ikiruka tuta, vilevile. Misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, kutoka kinenani hadi kifandugu, imelegea, mara nyingi kwa sababu ya mimba na uzazi. Tumbo likikandamiza kibofu ghafla, mrija wa mkojo hauwahi kujifunga.

Ila mkojo ukichuruzika mchana na usiku bila hata kukohoa, hasa baada ya uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu halizibwi kwa mazoezi, nenda hospitali.

Sasa mazoezi. Lala chali, magoti juu. Bana njia ya haja kubwa kama unayezuia ushuzi mbele za wakwe, kisha endelea kubana kuja mbele kama unayezuia mkojo, ukivuta kwenda juu, ndani. Shikilia ukihesabu hadi 6. Ukiweza 3 tu, anzia hapo. Legeza kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8, kutwa mara tatu, kwa angalau miezi 3. Wengi huacha wiki ya tatu, misuli haijapata nguvu bado, halafu wanasema mazoezi ni bure.

Kosa kubwa ni kusukuma chini kama anayejifungua. Kujipima, nawa mikono, ingiza kidole ukeni, bana. Kikikazwa na kuvutwa ndani, uko sawa. Kikisukumwa nje, unazidisha tatizo. Matako yakikaza au ukizuia pumzi, anza upya. Na usifanye zoezi kwa kukatiza mkojo chooni. Kibofu kinaweza kubaki na mkojo.

Ukishamudu kubana, bana sekunde moja kabla ya kukohoa au kunyanyua mtungi. Hii peke yake huokoa leso nyingi.

Mwenye uzito uliozidi, tuseme kilo 80, akipunguza kilo 4 hadi 8 huona nafuu. Tibu kikohozi sugu na choo kigumu. Kujinyima maji hakusaidii: mkojo mzito huwasha kibofu.

Ipo pia pesari, pete ya silikoni inayowekwa ukeni kuegemeza mrija wa mkojo. Lazima upimwe na mhudumu aliyefunzwa: ndogo hudondoka, kubwa huumiza au huziba mkojo. Kabla hujaondoka kliniki, chuchumaa, kohoa, kisha ukojoe nayo ikiwa ndani.